Tengeneza Mambo ya Nyumba Yako

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Jumapili iliyopita, mara tu baada ya mnada wa mazao, wazee wenzangu waliniambia kwamba zamu ya kuzungumza na washarika juu ya mfuko wa wakfu ni yangu. Nilikubali upesi, kwa kuwa jambo lenyewe naliunga mkono: Mkristo, angali hai na mwenye akili timamu, anaweza kutaja katika wosia wake sehemu ya mali itakayokwenda kwa kazi ya Mungu siku atakapolala. Nilipofika nyumbani na kumweleza mke wangu, akaniuliza, "Na wa kwako, baba, uko wapi?" Nina miaka 63, nimeketi katika baraza la wazee kwa vipindi vitatu, nimefundisha uwakili, yaani kutunza vema mali tuliyokabidhiwa na Mungu, katika jumuiya zote za mtaa wetu, na sijaandika hata mstari mmoja.

Tangu usiku ule neno la nabii Isaya kwa mfalme Hezekia aliyekuwa mgonjwa halijaniacha: "Tengeneza mambo ya nyumba yako, maana utakufa, wala hutapona." Tumezoea kulihubiri kwa sababu ya ile miaka 15 aliyoongezewa baada ya kulia na kuomba, na agizo lenyewe tunalipita mbio. Huku kwetu mtu akitaja wosia wakati wa chakula, wenzake huona anajitabiria kifo.

Ninalo la kuungama. Marehemu baba yangu, mbali na kihamba, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, alikuwa na shamba la mahindi kule tambarare, na zaidi ya mara moja, akiwa ameketi barazani na wageni, alisema kwamba ekari moja iliyo kando ya barabara ni ya kanisa, ijengwe shule ya chekechea. Hakuandika. Tulipokaa kikao cha ukoo baada ya mazishi, ndugu mmoja alisema maneno ya mzee hayana karatasi, na kisheria hakukosea, kwa maana taratibu za sheria za kimila zilizotangazwa mwaka 1963 zinautaka wosia wa mdomo uwe na mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki, nao wageni wa barazani hawakuwahi kuambiwa kwamba ni mashahidi. Lakini mimi nilikuwa nimesikia. Nilinyamaza, kwa sababu nilijua katika mgawo ule ekari ya barabarani ingeniangukia mimi, nayo ikaniangukia, na hadi leo ninailima. Kila Jumapili ya mavuno nimekuwa nikileta madhabahuni debe la mahindi yaliyoota katika ardhi ya madhabahu, na watu wananipongeza.

Kwa hiyo juma hili nimeisoma habari ya Daudi kwa macho mengine. Alijua kwamba hataijenga nyumba ya Bwana wala hataingia ndani yake, na Sulemani alikuwa bado mchanga na mwororo. Katika 1 Mambo ya Nyakati 29 anasimama mbele ya kusanyiko lote, na mrithi wake akiwapo, anataja kile anachotoa katika hazina yake mwenyewe kwa hesabu kamili: talanta 3,000 za dhahabu ya Ofiri na talanta 7,000 za fedha iliyosafika. Hakusema, "Kanisa mtalifikiria." Alitaja kitu, akataja kiasi, akataja kazi yake, na walioketi pale walisikia pamoja, hata wakuu wakatoa na watu wakafurahi. Wapendwa, sadaka ya wosia inayofichwa watoto wasiijue huwakuta makaburini kama deni la mgeni, nao hulipinga. Lakini ile waliyoisikia kutoka kinywani mwa baba na mama, wakauliza maswali, pengine hata wakanung'unika na kujibiwa, hiyo wataitoa kama yao. Ongea na wanao ungali unaweza kuwajibu. Mwite yule wa Dar es Salaam anayekuja Desemba tu, mwite na binti aliyeolewa, ambaye mara nyingi tunamsahau. Waambie ni nini, ni kiasi gani, na ni kwa nini unampenda Mungu kiasi hicho, kisha andika.

Kuna onyo pia, na linatuhusu sisi viongozi kwanza. Bwana Yesu aliwakemea waliomruhusu mtu kusema "Korbani" juu ya mali yake huku wazazi wake wakikosa msaada, na Biblia yetu inaeleza maana ya neno hilo: wakfu. Majirani zetu Waislamu wana kanuni kwamba wosia usizidi theluthi moja ya mali, ili warithi wasibaki mikono mitupu, na sioni aibu kujifunza kwao. Mzee wa kanisa anayekwenda na karatasi kando ya kitanda cha mjane mgonjwa, akisema ni huduma, asome tena juu ya wale wanaokula nyumba za wajane.

Mengine ni ya utaratibu tu. Zawadi ya ardhi iandikwe kwa jina la bodi ya wadhamini iliyosajiliwa, maana usharika hausimami peke yake kisheria. Mashahidi wasiwe wanaorithi chochote humo. RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, hutunza wosia, na ni afadhali huko kuliko chini ya godoro.

Karatasi yangu bado ni tupu, nimeiweka ndani ya Biblia kwenye Mambo ya Nyakati. Nimewaita ndugu zangu wawili na wanangu wote Jumamosi hii, na mke wangu amekwisha kuniambia kwamba wosia wangu usubiri kidogo: kikao kitaanza na ile ekari ya baba.