Moto wa Makaa wa Petro

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Masomo ya juma hili ni Yohana 18:15–18 na 21:9–17.

Jioni ukipita Kibirizi, kando ya Ziwa Tanganyika, harufu ya samaki, migebuka inayochomwa, hukufikia kabla hujaliona jiko. Unachokiona na unachokisikia hupitia kwanza thalamasi, kituo cha katikati ya ubongo, ndipo kisambazwe. Harufu haipangi foleni hapo. Toka puani huenda karibu moja kwa moja hadi amigdala, kifundo kidogo mfano wa lozi, kimoja kila upande, ndani kabisa usawa wa masikio. Amigdala hunusa hatari na kulipa tukio uzito wake. Nyuma yake tu ipo hipokampasi, inayoshika jambo lilitokea wapi na lini. Ndiyo maana moshi tu humliza mtu kabla hajajua analia nini.

Sasa tazameni Petro. Alimkana Bwana akiota moto wa makaa uani kwa Kuhani Mkuu. Kisha, kando ya bahari ya Tiberia, wanafunzi wanashuka chomboni wanakuta nini? Moto wa makaa, na samaki juu yake. Yesu angeweza kukutana naye popote. Alimwita kwenye moshi uleule, akamlisha kwanza, ndipo akamwuliza, mara tatu, kama anampenda.

Sisi tukimfariji aliyenusurika boti ilipozama, tunamwambia "sahau". Jamani, ubongo haufuti hofu kwa kuamriwa. Hujifunza jambo jipya kando ya lile la zamani, na sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, ndiyo huituliza amigdala. Kosa lingine ni kumvuta ghafla mpaka majini. Hapo hofu hukomaa. Anzeni mbali, alione ziwa tu, akiwa na mtu anayemwamini. Akitetemeka, kaeni chini; avute pumzi kwa hesabu ya 4, aitoe kwa hesabu ya 6, kama dakika 5 hivi. Kuitoa taratibu ndiko kunakopunguza mapigo ya moyo. Msubirini atulie ndipo mwondoke, na siku nyingine msogee hatua chache.

Alale pia, kwa muda wa saa 7 au zaidi, maana usingizini ndimo kumbukumbu hupangwa. Eliya alilishwa na kulala kabla Bwana hajamuuliza neno (1 Wafalme 19:5–9).

Ndoto za kutisha na kushtukashtuka vikizidi mwezi mmoja, mpelekeni hospitali huku maombi yakiendelea, na mmoja wenu aingie naye kwa daktari.