Koki iko nyuma ya banda la kuku

Leo Jinja, jua la saa saba, tumechimba mashimo mawili kutafuta vali ya bomba la maji.

Ramani kwenye tableti inasisitiza ipo hapahapa, chini ya buti zangu. Wapi!

Bibi mmoja akapita na mkungu wake wa matoke kichwani, akatutazama weee, kisha:
"Wajukuu zangu, ile koki iko kwangu, nyuma ya banda la kuku."

Kweli ipo. Mita 300 hivi kusini!

Kumbe michoro ya zamani ilipimwa kwa Arc 1960 (mfumo wa zamani wa viwianishi vya ramani Afrika Mashariki), mtu akaiingiza kama WGS 84 (mfumo wa GPS) bila kubadili namba, na namba zilezile huangukia mahali pengine. Na si vali moja, ni laini nzima.

Viganja vimejaa malengelenge. Wenzangu wa ramani, data ya kurithi nyie mnaihakiki vipi?