Kikombe cha Koko

Arusha, Jumapili 22 Machi 2020

Jumapili iliyopita, wakati wa kutakiana amani, nilishikana mikono na kila aliyekuwa kwenye benchi letu kanisani. Leo tumeinamiana vichwa tu, na mama aliyekaa mbele yangu akaurudisha mkono wake ndani ya kitenge kama aliyekuwa anataka kuiba.

Jumatatu ndipo Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alipotangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Tulishazoea kuisikia Wuhan, kisha Italia, na Ijumaa ya tarehe 13 ikafika Nairobi. Sasa ikawa hapahapa kwetu: Mtanzania mwenzetu, mwanamke wa miaka 46, aliyetua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, siku moja kabla akitokea Ubelgiji. Uwanjani alipimwa joto akapita salama. Alipojisikia vibaya hotelini, alikwenda mwenyewe Hospitali ya Mount Meru.

Kabla giza halijaingia nilishatumiwa WhatsApp picha za wanawake watatu tofauti, na kila mtumaji anaapa kwamba ndiye huyo. Sikumtumia mtu yeyote. Lakini nilizifungua zote tatu, na moja niliikuza nione uso vizuri. Hilo linaniuma mpaka sasa. Huyu mama angeweza kulala na homa yake asimwambie mtu, na mji mzima usijue. Amejipeleka, amesema ukweli, na sisi tunamsaka kama mwizi wa kuku.

Jumanne Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, akafunga shule kwa siku 30. Darasa langu la tatu lina watoto 78, na shule nzima tunategemea bomba moja ambalo siku nyingine halitoi maji kabisa. Watoto walishangilia, wakarusha madaftari juu. Nikawafundisha kunawa kwa mara ya mwisho: viganja, katikati ya vidole, chini ya kucha, kisha kidole gumba ambacho wote hukisahau. Walipokuwa wanatoka, msichana mmoja alirudi mpaka mlangoni akaniuliza, "Mwalimu, na uji?" Yeye uji wa shule ndio kifungua kinywa chake, nami nalijua hilo. Nilimwambia tutaona. Tutaona nini?

Jumatano nilikwenda mjini. Ndani ya hiace kutoka Sakina mzee mmoja alikohoa mara mbili, abiria wakasogea wote kwa pamoja, na konda akafungua kioo bila kuambiwa. Mzee akajitetea kwamba ni vumbi tu. Hakuna aliyemjibu, hata mimi. Soko la Kilombero malimao na tangawizi vilikuwa vinagombewa, na chupa ndogo ya kitakasa mikono ilishapanda bei zaidi ya mara mbili.

Karibu na Mnara wa Saa nikawakuta vijana wanampigia kelele msichana wa Kizungu mwenye begi mgongoni: "Korona! Korona!" Aliinamisha kichwa akaongeza mwendo. Vijana wale nawafahamu kwa sura, ndio wanaouza bangili na shanga palepale, na mwezi uliopita wangemkimbilia wamwite dada, wamwombe aangalie tu bila kununua. Huu mji unakula kwa wageni. Kaka yangu ni mpagazi wa Mlima Kilimanjaro, na wiki hii ameshapigiwa simu mara mbili kwamba safari zimefutwa. Hofu ya ugonjwa naielewa, hata mimi ninayo. Lile zomeazomea silielewi.

Au labda nalielewa, kwa sababu nimeshaliona nyumbani. Nilikuwa mdogo mjomba alipougua ukimwi. Alitengewa sahani, akatengewa kikombe, kikombe cha plastiki cha kijani kilichokaa peke yake juu ya dirisha ili kisichanganywe na vya wengine. Hakuna aliyemwambia neno baya. Kikombe kilitosha. Wiki nzima nimekuwa nakiwaza kikombe kile.

Kwa hiyo niliahirisha sana kwenda kwa Koko. Ni bibi wa Kimaasai, jirani yetu nyuma ya ua, na watoto wote wa mtaa, Wamaasai na wasio Wamaasai, humwinamishia kichwa naye huwagusa utosini. Kumwambia mzee kama yule asiguse watoto niliona ni kumvua kitu. Jioni hii nikajikaza. Nikasimama mbali, nikasema, "Shikamoo Koko," nikaanza kujiumauma: unajua, kuna ugonjwa, wataalamu wanasema…

"Marahaba. Kaa pale," akanikatiza.

Alishaweka kigoda cha wageni upande wa pili wa mparachichi. Akaniambia kwamba alipokuwa binti, sotoka ilipovuma, baba yake hakuruhusu ng'ombe wao wanywe maji pamoja na ng'ombe wa boma jingine mpaka ugonjwa upite. "Na jirani hakukasirika. Naye aliwazuia wake." Sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, na mimi huwafundisha watoto usafi wa mwili mwaka hadi mwaka, lakini mwenye somo leo alikuwa yeye. Nikamuuliza watoto anawafanyaje. Akasema wanainama kutoka palepale kwenye mti, naye anainua mkono. "Wanajua ni wao."

Kisha akaniletea chai. Hakutafuta kikombe cha pembeni. Alichukua kikombe chake kilekile cha bati, akakisuuza kwa maji ya moto, akamimina, akakiweka chini katikati yetu, akarudi kuketi. Ndipo nikainuka kukifuata.