Maji ya chumvi si ya rejeta

Ilikuwa Jumamosi saa saba mchana, nimepanga foleni ya feri ya Likoni, Mombasa, upande wa kisiwani. Kwenye buti nina madebe matatu ya achari ya maembe, na maduka mawili ya Likoni yananisubiri. Anayevuka pale anaijua foleni yenyewe: unasogea hatua mbili, unasimama dakika kumi. Upepo haupiti mbele ya gari, feni peke yake ndiyo inayohangaika. Nikatupa jicho kwenye geji ya joto. Mshale ambao kwangu hulala chini siku zote ulikuwa umeshapita nusu, na bado unapanda.

Nikazima AC, nikashusha vioo vyote, nikafungua hita mpaka mwisho. Ndiyo, hita, katika jua lile la saa saba. Rejeta ndiyo inayopoza maji ya injini, na hita ya gari ni kama rejeta ndogo ya pili: inachukua joto la injini na kulimwaga ndani ulikokaa wewe. Nililowa jasho mpaka buibui likanigandia mgongoni, lakini mshale ulirudi kidogo, nikavuka salama. Nilipofika ng'ambo niliegesha chini ya mwarobaini, nikazima injini, na kifuniko cha rejeta sikukigusa. Kaka yangu ana kovu kutoka kiganjani hadi kiwikoni kwa kifuniko kama hicho. Maji yakifungiwa kwa presha yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka; ukifungua tu, presha inaondoka na yanachemka yote kwa mpigo mmoja, usoni pako.

Kesho yake alfajiri, injini ikiwa imepoa kabisa, ndipo nilipofungua. Gari langu ni Toyota Fielder ya 2005, ile ya injini ya lita moja na nusu. Nikamulika tochi. Kwenye mdomo wa rejeta palikuwa na ukoko mweupe unaoelekea manjano, sawasawa na ule unaoshika ndani ya birika la chai. Nikaukwaruza kwa ukucha, ukabanduka kipande, nikakisaga kwa vidole kikalia kama ganda la yai. Maji yenyewe yalikuwa rangi ya ukwaju.

Nilijua palepale yametoka wapi. Nyumbani kwetu, kama nyumba nyingi za Mombasa, tunakaa na maji ya aina mbili: maji ya chumvi ya kisima, ya kupigia deki na kufulia, na maji matamu ya kunywa na kupikia. Mpwa wangu anayeniosheaga gari alikuwa akiona maji yamepungua anachota mtungi ulio karibu, na ulio karibu siku zote ni wa kisima. Simlaumu. Hakuna aliyemwambia, na mimi mwenyewe sikuwahi kuuliza.

Mzee wa nyumba ya pili aliendesha malori ya masafa miaka mingi kabla ya kustaafu. Nikaenda kumwamkia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Gari limekutenda nini?"

Nikampa kile kipande cha ukoko. Akakitazama kiganjani, akasema, "Hii ni nyumba yako. Hili ni lilelile jiwe la matumbawe ulilojengea ukuta, limeyeyuka kisimani, limekwenda kuganda kwenye injini."

Na ndivyo ilivyo. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Maji ya kisima yanapita humo na kubeba chokaa, na karibu na bahari yanabeba na chumvi. Yakipashwa moto ndani ya injini, chokaa inabaki imeshika kwenye chuma na kuziba vijinjia vyembamba vya rejeta. Chumvi nayo ina kazi yake: inatafuna alumini. Rejeta za zamani za shaba zilikuwa zikivumilia, lakini za magari ya sasa ni alumini na plastiki, na hedi, yaani kichwa cha injini yangu, ni alumini vilevile. Inaanza na vishimo vidogo kama vya sindano, inaishia kwenye gasketi inayoziba kati ya hedi na injini.

Nikaamua kuisafisha mwenyewe, kwa sababu nilitaka kuyaona kwa macho yangu maji yanayotoka.

Nilitandika beseni chini, nikafungua kile kiparafujo cha plastiki kilicho chini ya rejeta. Kifungue taratibu kwa vidole, kwa maana plastiki iliyozeeka hukatika, na ikikatika umenunua kazi nyingine. Maji machafu yakaisha. Nikakifunga, nikajaza maji matamu niliyochanganya na ndimu ya unga, hiyohiyo ninayotia kwenye achari, vijiko vitano vikubwa kwa lita tano na ushee zinazoingia kwenye gari hili. Madukani kuna dawa maalumu ya kusafishia, na kama huna uzoefu wa vipimo ni afadhali ununue hiyo, ufuate maandishi ya chupa. Ndimu inaondoa chokaa na kutu vizuri sana, lakini ni asidi, na alumini haipendi kulowekwa kwenye asidi. Usiiache ilale humo usiku kucha.

Nikawasha injini, hita ikiwa wazi ili maji yapite huko nako, nikaiacha ingurume dakika ishirini. Nikazima, nikangoja ipoe. Kungoja huku ndiko kazi kubwa kuliko zote: ukimwaga maji baridi kwenye injini ya moto, hedi inaweza kupasuka. Nilipofungua tena, beseni lilijaa maji ya rangi ya kahawa, na chini yake mchanga mweupe. Nikasuuza kwa maji matupu mara nne. Ya nne ndiyo iliyotoka nikaweza kuona maua yaliyochorwa chini ya beseni.

Sasa niwaeleze jambo lililonitia uchungu. Maji ya mwisho yalipokwisha kutoka, niliamua kufungua nyumba ya themostati, kile kilango kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ishike moto, niisafishe. Nikafungua nati mbili, nikavuta, nikaingiza kidole. Hamna kitu. Themostati ilikuwa imeshatolewa, na gereji moja tu ndiyo iliyowahi kufungua mpira wa maji unaofika pale. Hii ni desturi ya mafundi wengi huku kwetu: gari likichemka, jibu ni "Mombasa joto, hiyo kitu ni ya nchi za baridi." Si kweli. Injini imeundwa ifanye kazi ikiwa na moto wake maalumu, iwe Mombasa kwenye joto au Limuru kwenye baridi. Bila themostati maji yanazunguka muda wote hata injini haijashika moto, petroli inaliwa bure, oili inabeba uchafu, na injini inalika mapema. Na ule mshale uliokuwa ukilala chini, mimi miezi yote hiyo nikiufurahia nikidhani ni dalili ya afya! Ulikuwa unaniambia kuna kitu hakipo.

Nikanunua mpya, imepigwa chapa ya 82, yaani nyuzi za joto inapoanza kufunguka. Kabla sijaifunga, nilichukua sufuria kuukuu nisiyopikia tena, nikatia maji, nikaitundika themostati kwa uzi isiguse chini, nikaweka jikoni. Maji yalianza kutoa mvuke, viputo vidogo vikapanda pembeni. Kisha, kabla hayajatokota, ule mdomo wa shaba ukaanza kujisukuma wenyewe, polepole, mpaka ukafunguka upana wa kidole kidogo. Nilipoitoa na kuiweka mezani ikajifunga tena. Hakuna waya wala betri. Ndani mna nta inayovimba ikipata joto. Nilimwita mpwa wangu tukarudia mara ya pili aone.

Kuhusu kulanti, ile dawa inayochanganywa na maji ya rejeta, nasikia watu wakisema huku hakuna barafu, ya nini. Kuzuia barafu ni kazi yake moja tu. Inapandisha kiwango cha kuchemka, na ina dawa ya kuzuia kutu, na kutu hapa tunayo hata hewani. Nilinunua nyekundu inayofaa Toyota. Usiichanganye na ya kijani, kwani baadhi zikikutana hugeuka uji. Iliyo nzito nilichanganya nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwa jina la maji ya betri. Muuzaji mwambie wazi unataka maji, si asidi ya betri.

Nilijaza polepole, gari limeelekea juu kwenye kile kijimlima cha mlangoni petu, injini inanguruma, huku nikiuminya mpira wa juu kwa mkono. Kila nikiminya, rejeta inacheua viputo, maji yanashuka, naongeza. Usiharakishe hapa. Hewa iliyobaki ndani huchemsha gari lililosafishwa vizuri kabisa. Viputo viliisha, hita ikatoa joto la kweli, nikafunga kifuniko, ambacho nacho nilinunua kipya kwa sababu mpira wake ulikuwa umepasuka.

Maji machafu sikuyamwaga mtaroni. Kulanti ina utamu na ni sumu, na mtaa wetu una paka kila kona, na watoto pia. Nilitia kwenye mtungi wenye kifuniko, nikapeleka gereji inayokusanya oili chafu, wakanipokelea.

Jumamosi iliyofuata nilipanga tena foleni ileile, jua lilelile. Mshale ulipanda ukasimama chini kidogo ya nusu. Nikasikia feni inawaka, inazima, inawaka. Mshale haukutikisika mpaka nikaingia ndani ya feri.

Jioni nilimpa mpwa wangu kalamu ya wino mzito. Mtungi wa kisima akauandika DEKI. Kidumu cha lita tano kilicho kwenye buti, chenye mchanganyiko uliobaki, akakiandika GARI, na chini yake, bila kuambiwa, akaongeza: INJINI IKIPOA.