Jezi kumi na tatu

Jamani, mimi besiboli nilikuwa naiona kama rede ya watu wazima. Miaka yote hii Houston, hata kuhesabu pointi sijui.

Jana zamu ya usiku ghalani nikawa nalalamika: kampuni ya tatu mwaka huu, na zote kibarua tu. Mzee wa Kidominika ninayepakia naye mizigo akacheka. "Kwani humjui Octavio Dotel?"

Akanisimulia mpaka muda wa kula ukaisha. Dotel alikuwa mrushaji wa akiba, wale wanaokaa pembeni wakisubiri simu ilie, kisha wanaingia mambo yakishachacha. Kati ya 1999 na 2013 alichezea timu 13 za ligi kuu ya Marekani. Mwaka 2010 peke yake, timu 3! Sanduku la nguo sidhani kama alikuwa analifungua.

Juni 2003, akiwa na Astros wa hapahapa, wapigaji 4 waliukosa mpira wake katika kipindi kimoja, wakati kipindi huisha wakitoka 3. Inawezekanaje? Mpira mmoja ulimponyoka mdakaji, mpigaji akawahi kituo cha kwanza, kwa hiyo hakuhesabiwa kuwa ametoka. Nilijua napigwa kamba, nikachungulia kwenye simu. Kweli tupu.

Ubingwa aliupata 2011 na St. Louis, waliomchukua katikati ya msimu.

Nikauliza yuko wapi siku hizi. Mzee akanyamaza kwanza. Alifariki Aprili 2025, paa la ukumbi wa muziki lilipoporomoka Santo Domingo.

Leo tuna zamu tena. Kaahidi kuniletea glavu.