Gari ya kukodi baada ya ajali: hiyo hela idai, ni yako

Watu wengi wakigongwa wanapigania bampa na taa na rangi, gari ikitoka gereji wanashukuru Mungu yameisha, kumbe muda wote ule walikuwa wanalipia gari ya kukodi kwa hela yao wenyewe na hakuna aliyewaambia kwamba hiyo nayo ni hasara ya ajali kama bampa tu.

Kwanza ujue unamdai nani. Kama kosa ni la mwenzako unapeleka klemu kwa bima yake, na hapo mkataba wako wewe hauhusiki kabisa, unadai kwa sababu umekoseshwa matumizi ya gari yako. Ila kama kosa ni lako unarudi kwa bima yako, na huko hata ukiwa na bima kubwa usidhani gari ya kukodi imo, mara nyingi ni kipengele cha kuongezea na kina kikomo cha hela kwa siku na kikomo cha siku, kwa hiyo kisome kabla hujaenda kukodi.

Sasa vita yenyewe iko kwenye siku. Mimi watu wa bima walinilipia zile siku ambazo fundi alikuwa ameshika spana tu, siku za gari kukaa pale inamsubiri asesa wao (yule anayekagua gari imeharibika kiasi gani), siku za kusubiri wakubali bei ya gereji, siku za kusubiri spea, zote wakazikata, eti muda wa matengenezo ni mfupi. Iliniuma sana maana nani alichelewesha? Nikaenda gereji nikaomba waniandikie gari iliingia lini, asesa alikuja lini, kibali kilitoka lini, spea ilifika lini, nikaambatanisha na mkataba wa kukodi na risiti na imeili zote, nikawaambia nionyesheni siku niliyochelewesha mimi. Wakalipa. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza andika tarehe na ukiongea nao kwa simu watumie na imeili kwamba leo tumekubaliana hivi na hivi.

Na wewe upande wako usiwape sababu. Kodi gari ya saizi ya yako, ukiwa na gari ndogo ukachukua jipu la kifahari watalipa bei ya ndogo na sioni kama wanakosea hapo. Mafuta ni juu yako maana ungeweka hata kwenye gari yako. Ukipigiwa gari iko tayari, rudisha ya kukodi haraka. Na kama wamesema yako haitengenezeki, kaa macho, wanapenda kusimamisha malipo ya kukodi mara tu wanapokutajia bei, wakati hela hujaipata, hapo dai muda wa kutosha wa kutafuta gari nyingine.

Huna hela ya kutanguliza? Waambie mapema, kwa maandishi, waombe wakodi wao au walipe moja kwa moja. Uingereza mwaka 2003 House of Lords, iliyokuwa mahakama yao ya juu kabisa wakati huo, ilimpa haki mtu asiye na kazi aliyelazimika kukodi kwa mkopo kwa bei ya juu kuliko kawaida, wakasema umaskini wake usiwe sababu ya kumnyima, na mimi naona hiyo ndiyo haki, maana aliyekugonga hakuchagua mtu mwenye akiba.

Kitu kingine, kuna nchi unaweza kudai kukosa gari hata kama hukukodi, na risiti za teksi nazo usizitupe.

Halafu ile karatasi ya mwisho wanayokuletea usaini ili hela itoke, isome taratibu, ikisema umelipwa madai yote na hauna dai lingine na gari ya kukodi haimo, usisaini mpaka waiandike humo na kiasi chake.