Siku yangu moja, kati ya Fuso la nyanya na mlango wa mhasibu

Watu wakisikia una kampuni changa inayokua, wanakuuliza habari za ofisi, programu ya simu na wawekezaji. Kazi inayonimaliza nguvu hawaiulizi: kudai hela ya mzigo uliokwisha kupikwa na kuliwa. Hii ni Jumanne, kama ilivyokwenda.

Tunanunua nyanya na vitunguu kwa wakulima wa Ilula, mkoani Iringa, tunauza Dar es Salaam kwa mama ntilie, migahawa na hoteli. Tunapima kwa mizani, lumbesa, yaani gunia la kujazwa kupita kiasi, hatuitaki, na mkulima analipwa palepale shambani. Hilo ndilo ninalojivunia kuliko yote.

Saa 9 usiku. Dereva anapiga. Lori la watu wengine limeziba njia Mlima Kitonga, foleni imewashika kwa muda mrefu, ndiyo kwanza anaipita Morogoro. Maana yake mzigo utafika jua limeshatoka.

Saa 11 alfajiri. Niko Mabibo nanunua matenga machache kwa bei ya soko ili kuziba pengo la mama ntilie. Faida ya leo kwa wateja hao imeondoka, lakini mama ntilie anayewasha jiko gizani hawezi kusubiri habari za Kitonga. Akikosa nyanya leo, kesho atapiga simu kwa mtu mwingine.

Saa 1 asubuhi. Fuso linaingia, vijana wanashusha, tunachambua: ngumu za hoteli, mbivu za mama ntilie, masalo, yale mabaki yasiyofaa, pembeni. Kirikuu na bajaji zinaondoka. Kufika saa 3 hela za mama ntilie zinaanza kuingia kwenye lipa namba, kidogokidogo, mmoja baada ya mwingine.

Saa 4. Hoteli. Jina lake silitaji. Mkataba unasema watalipa ndani ya siku 60, na ankara ninayoidai imeshapita siku 90. Mlinzi ananielekeza geti la nyuma, geti la wauzaji, naandika jina kwenye daftari, napelekwa kwenye benchi nje ya uhasibu. Nimemkuta mzee anayewaletea samaki.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Umekuja kufuata hundi? Kaa. Hapa haraka haisaidii.”

Mhasibu akatoka baada ya saa nzima. “Dada yangu, malipo yako yapo, yanasubiri saini tu.” Mwenye saini yuko kikaoni. Nikasubiri. Akatoka tena: hati moja ya kupokelea mzigo haina mhuri. Nikafungua mkoba, nikampa nakala yenye mhuri na saini ya mtu wao wa stoo, maana kila karatasi ya hoteli hii natembea nayo. Akaiangalia, akaondoka nayo. Kikao kikaisha, mwenye saini akaenda kula. Mzee wa samaki akaambiwa arudi wiki ijayo. Akasimama, akaaga vizuri, akaondoka bila neno. Nilisikia uchungu mkubwa, kwa sababu barafu yake na wavuvi wake wote wamelipwa taslimu.

Nikiwa palepale kwenye benchi, mpishi mkuu wa hoteli hiyohiyo akanipigia kutoka jikoni. Kesho wana mkutano mkubwa, nilete mzigo mara mbili.

Hapo ndipo watu wa nje hawaelewi kukua kwa kampuni. Chukua hoteli inayonunua mzigo wa laki tano kila siku na kulipa baada ya siku 60. Kabla hujaiona shilingi yao ya kwanza, umeshawawekea milioni 30 za kwako. Ukipata hoteli ya pili ya namna hiyo, unatafuta milioni 30 nyingine. Utazitoa wapi? Benki inataka hati ya nyumba. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri ni ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, sisi ni kampuni. Inabaki mikopo ya kausha damu, ile ya riba ya kuumiza, na nimeona imewafungisha watu biashara waliokuwa na wateja tele. Wakati huohuo, ifikapo tarehe 7 TRA wanataka kodi ya mishahara ya mwezi uliopita, na NSSF wanasubiri asilimia 20 yao ya mishahara hiyo. Kote huko siwezi kwenda kueleza kwamba nasubiri saini ya mtu.

Nikamwambia mpishi, kwa heshima, kwamba kesho hakuna mzigo mpaka deni lisogee. Akalalamika kwamba malipo si kazi yake. Nikamwambia najua, kaka, na ndiyo maana nakuomba uwaambie wenye kazi hiyo. Mhasibu akaniambia nije Ijumaa.

Sikumbuki nilikula nini wala saa ngapi. Miguu ilikuwa imevimba. Kwenye daladala nikazungumza na mwekezaji aliyeko Nairobi, ambaye alitaka kujua kwa nini sisukumi mauzo ya hoteli wakati oda zao ni kubwa. Nikamweleza kwamba mama ntilie ananunua kidogo, ila hela aliyolipa asubuhi jioni iko Ilula inanunua nyanya nyingine. Inazunguka mara nyingi kabla ya ile ya hoteli kurudi mara moja. Kimya kidogo, kisha akaomba nimtumie hesabu hizo kwa maandishi. Nitamtumia, na sitazipamba.

Jioni stoo, kufunga hesabu, kuwalipa vijana wa kushusha. Mtu wetu wa Ilula anapiga: Fuso la pili liko shambani, wakulima wameshachuma, apakie kiasi gani? Nikiwa bado nafikiri ujumbe wa benki ukaingia. Hoteli imelipa nusu ya ankara. Haikupita muda mpishi naye akaandika: “Dada, wamelipa. Tunakutegemea kesho.”

Nikamjibu kwamba kesho atapata nusu ya alichoagiza, na nusu nyingine itatoka Ilula siku watakayomaliza deni. Kisha nikampigia mtu wa Ilula nikamtajia idadi ya matenga, nikamtumia hela za wakulima, nikamwambia gari liondoke mapema, liwahi kupita Kitonga.